Siku Biskuti Zangu za Chai Ziliponadiwa Daudi

Jamani, aibu hii ningeweza kuinyamazia, lakini kwa kuwa hapa Daudi kila mtu anaijua, na hata watu wa kule kijiji cha Maretadu wameshaipata kwenye simu, naona afadhali muisikie kwangu mimi mwenye nayo kuliko kwa wanakwaya, maana wanakwaya wana tabia ya kuongeza, na huu mkasa ulivyo hauna pa kuongezwa.

Mimi ni nesi. Kwetu ni Lushoto, nikasoma huko huko Tanga, ajira ilipotoka nikajikuta nimepangiwa zahanati moja huku Daudi, Mbulu, mahali ambapo sikuwa namjua hata mtu mmoja. Nilikuja na begi la nguo, blanketi moja (ambalo baridi ya huku ililicheka usiku wa kwanza tu), na kopo la viungo alilonifungia mama yangu: iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi kavu, na majani ya chai ya kwetu yenye harufu yake. Mwaka wa pili nikampata Danieli, mwalimu wa sekondari, mtoto wa hapa hapa, mpole mpaka unajiuliza wanafunzi wanamsikiaje. Tukapendana. Shida ikabaki kwa mama yake.

Naomba mnielewe, Mama Danieli hakunichukia. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba vizuri, anauliza kazi, anauliza wazazi, halafu anarudi kwenye kazi zake, na mimi nabaki nimeshika mkoba sijui niongeze nini. Ni mama mrefu, mwenye maneno machache, mashamba yake ya mahindi na maharage anayalima mwenyewe, na ng'ombe wake anawajua tabia mmoja mmoja kuliko mimi ninavyowajua wagonjwa wangu. Danieli ndiye aliyenipasulia ukweli. Ukoo ulikuwa tayari kutuma washenga Lushoto, lakini mama alikuwa hajakubali, kwa sababu ameona manesi na walimu wengi wakija hapa, wakizoeleka, halafu wakiondoka.

"Mama anasema wewe ni mtu wa kupita," aliniambia. "Anasema utaomba uhamisho kabla hujaijua njia ya kisimani."

Na bila mama kukubali, washenga hawatoki. Basi ndipo mjue nilikuwa kwenye hali gani ilipofika Jumapili ya mavuno.

Kama hamjawahi kuiona Jumapili ya mavuno huku kwetu (naona nimesema kwetu, sawa), kila mtu analeta kanisani alichojaliwa: gunia la mahindi, debe la maharage, kuku, mayai, maziwa kwenye kibuyu, hata mbuzi. Ibada ikiisha watu wote wanatoka uwanjani, mzee wa kanisa anashika kipaza sauti, vitu vinanadiwa kimoja kimoja. Na kuna utaratibu mzuri sana: ukinunua kitu unaweza kwenda nacho nyumbani, au unaweza kumnunulia mtu mwingine kwa heshima, au unaweza kusema "nakirudisha kwa Bwana," kikanadiwa tena, na watu wanakupigia makofi. Huo utaratibu ndio ulionimaliza.

Danieli aliniambia ananitafutia jogoo, nikabebe jogoo wangu kama wengine, yaishe. Laiti ningemsikiliza. Lakini mimi nikasema jogoo kila mtu analeta, nani atakumbuka jogoo wa nesi? Nikataka kitu ambacho Mama Danieli akikiona ajue huyu binti ana mikono. Nikaamua kupika biskuti za chai, zile za viungo ambazo mama yangu alikuwa akizipika Krismasi, unatwanga majani ya chai mpaka yawe unga laini, unayachanganya na iliki na mdalasini na sukari, nyumba nzima inanukia.

Jumamosi nikaanza mapema. Unga wa ngano nilinunua, mzuri, ule unaotoka Hanang. Samli nikapata kwa jirani. Viungo ninavyo. Kilichokosekana ni beking pauda. Nilizunguka maduka yote ya Daudi, mwenye duka wa mwisho akaniambia labda Mbulu mjini, na saa hizo kwenda Mbulu mjini na kurudi siku ingekuwa imekwisha. Nikarudi nyumbani nimenuna, ndipo macho yangu yakatua kwenye kopo la magadi la mama mwenye nyumba wangu, Mama Paskalina.

Haya ni magadi ya ziwani, yanaletwa kutoka upande wa Balangdalalu, mawe mawe ya kijivu. Wafugaji wanawapa ng'ombe walambe, na kina mama wanatia chembe kwenye maharage ili yaive upesi. Mimi nikawaza kisomi. Nikasema beking pauda ni unga wa magadi magadi tu, na haya ni magadi, tofauti ni kwamba yale yametoka kiwandani na haya yametoka ziwani. Halafu (hapa ndipo huwa najipiga kofi kwenye paji la uso) nikasema kwa kuwa haya ni ya asili, lazima yatakuwa hafifu, kwa hiyo niongeze. Mimi huyo, ambaye kazini sitoi hata kijiko cha dawa ya kikohozi bila kukitazama kwenye mwanga, niliyatwanga magadi ya Mama Paskalina nikayatia kwenye unga kwa konzi.

Oveni sina, kwa hiyo nilifanya kama tunavyofanya: sufuria kubwa, mchanga chini, sahani ya biskuti ndani, mfuniko, mkaa chini na mkaa juu. Zilipoiva nikafunua. Jamani, zilikuwa nyeusi. Za mama yangu huwa za kahawia, hizi zilikuwa nyeusi kama chungu cha makande. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilifurahi, nikasema hii sasa ndiyo chai iliyokolea, na kwa kweli harufu ya iliki ilikuwa imejaa mpaka kwa jirani.

Mtaniuliza, kwani hukuonja? Sikuonja. Bibi yangu alitulea kwamba kitu cha sadaka hakionjwi, unakipeleka kizima, Mungu anakuwa wa kwanza. Hata vidole sikulamba. Nikazipanga kwenye hotpoti mpya, nikafunga na kitambaa cheupe nilichokidarizi mwenyewe, nikalala na amani.

Jumapili mnada ulianza na mahindi, ukaja kwenye kuku, Mzee Tluway akiwa na kipaza sauti (ni mzee wa kanisa, mcheshi, anaweza kukuuzia kuku wako mwenyewe na ukamshukuru). Ilipofika zamu ya hotpoti yangu akafungua, akanusa, akafumba macho, akatangaza kwamba hapa kuna biskuti za nesi wetu, zina chai ndani yake, kwa hiyo ukila hizi huhitaji kuchemsha maji. Watu wakacheka, bei ikapanda, akanunua mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi. Akala moja pale pale. Nikamwona anatafuna polepole, anatazama mbali kule milimani, kisha akainua mkono.

"Ninazirudisha kwa Bwana," akasema.

Makofi. Mimi moyo ukajaa, nikaona huyu amezipenda hata hataki kuzila peke yake. Zikanadiwa tena, wakachanga wanakwaya wakazichukua, wakagawana kadhaa, wakanyamaza (na wale hawanyamazi hata mahubiri yakiwa yanaendelea), kisha mwalimu wa kwaya akasema nao wanazirudisha. Makofi tena. Zikanunuliwa mara ya tatu na akina baba fulani kwa heshima ya mchungaji. Mchungaji akala moja mbele ya watu wote, kwa kuwa mchungaji akipewa hawezi kukataa, akafuta midomo kwa leso, akaifuta tena, akasema kwa sauti ya upole kwamba baraka kama hii haifai kubaki kwa mtu mmoja, naye anairudisha ili iwafikie wengi.

Mimi pale chini ya turubai nilikuwa sipo duniani. Nilihesabu, mbuzi wa Mzee fulani ameuzwa mara moja tu, gunia la mahindi mara moja, biskuti zangu zimeuzwa mara tatu na bado zipo. Nikamtafuta Mama Danieli kwa macho nikamwona amekaa na kina mama wenzake, ananitazama bila kucheka. Nikasema moyoni, tazama vizuri mama, mtu wa kupita anafanyaje.

Mzee Tluway akaita aliyezipika ajitokeze tumwone. Mwingine angesimama akapunga mkono akakaa. Mimi nilikwenda mpaka mbele, nikakipokea kipaza sauti, nikaanza kuhutubia. Nikaeleza majani ya chai yanavyotwangwa. Nikaeleza iliki ya kwetu. Nikasema nimefurahi mno kuona zimependwa hivi, na kwa upendo huo naahidi kuzipika kila mwezi, na sikukuu ya kipaimara nitapikia watoto wote. Kukawa kimya. Nilidhani ni kimya cha kuguswa.

Ndipo Mama Danieli akasimama. Akataja bei ambayo hakuna aliyejaribu kuipita, akaja mbele na mwendo wake ule wa taratibu, akachukua hotpoti.

"Hizi hazirudi," akasema. "Nazipeleka nyumbani kwangu."

Nilitaka kuruka. Kwa furaha nikachomoa biskuti moja, nikiwa nimekumbuka kwamba sasa ni halali kuonja, nikaing'ata niile pamoja na mama mkwe wangu mtarajiwa mbele ya usharika mzima. Kwanza meno yaligoma. Ilipovunjika ulimi ukawaka, kisha mdomo ukajaa povu. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, karibu na mdomo, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika mbili kubwa, mpaka barabarani:

"Mungu wangu, nimepika sabuni."

Sijui niwaelezeje kicheko kile. Watu walikuwa wamekizuia tangu kwa mwalimu mkuu, kikatoka chote kwa pamoja. Wanakwaya walilala chini. Mzee Tluway aligeuka akashika nguzo ya turubai, mabega yanatikisika. Mchungaji alijaribu kutuliza watu akashindwa, akaweka leso usoni, na kijana mmoja wa mitambo (huyo simsamehe) alikuwa ameshika simu muda wote anarekodi. Nilikimbia. Nilikimbia na kipaza sauti mkononi mpaka waya ukanivuta nyuma, nikakitupa, nikaendelea.

Nilijifungia chumbani nikalia nikiwa na ladha ya magadi bado kooni. Nilishaanza hata kuandika kichwani barua ya kuomba uhamisho, nikajua mama amepata alichokuwa anakitafuta, nesi ameshindwa hata biskuti. Jioni Danieli akaja kunigongea, macho mekundu kwa kucheka (alikana, lakini niliyaona), akasema mama ananiita. Nilikwenda kama mtu anayepelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nilimkuta Mama Danieli zizini anamalizia kukamua. Nikaamkia, akaitikia, akaniuliza bila kunitazama nilitia nini. Nikamtajia vyote, chai, iliki, samli, na nilipofika kwenye magadi nikainamisha kichwa. Akauliza kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Mama akautazama ule mkono, akaweka kibuyu chini, akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, alicheka mpaka akamshikilia ng'ombe asianguke.

Kisha akafungua hotpoti yangu, akammwagia yule ng'ombe biskuti zilizobaki. Ng'ombe alizila zote, akatafuta nyingine, akalamba hata kitambaa nilichokidarizi. Mama akasema angalau kuna aliyezipenda kwa kweli. Tukacheka wote, mimi machozi yakinitoka, nikamwomba radhi kwamba nimemwaibisha mbele ya kanisa, na pesa yake imepotea bure.

"Mwalimu mkuu aliporudisha sikujua," akasema. "Mchungaji aliporudisha nikajua. Nikaona aibu ya binti yetu inazungushwa uwanja mzima, nikainunua mimi, iishie hapa kwetu."

Binti yetu. Akanikabidhi kibuyu cha maziwa nikibebe mpaka jikoni, nami nikakibeba kwa mikono miwili, nikitembea taratibu nyuma yake, nikiogopa kujikwaa.

Washenga walikwenda Lushoto baada ya Krismasi, walibeba asali na blanketi, sikuruhusiwa kuwafungashia chakula. Na mimi nimeapa mbele ya mume wangu kwamba magadi sitayagusa tena maisha yangu yote. Maharage ya nyumba hii anayatia magadi mama mkwe peke yake, mimi nasimama mlangoni nimeweka mikono nyuma.