Kijito cha Mama Bata hakina konokono tena

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Bata yuko ndani ya kijito, maji yanamfika magotini. Anainua jiwe, anapapasa chini yake, analirudisha. Anainua jingine. Ndoo yake iko ukingoni, na ndani mna magamba matupu ya konokono, mepesi kama maganda ya karanga.

"Haya ndiyo mavuno yangu ya leo," anasema, kisha anacheka peke yake.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya bata anaowafuga. Mumewe naye hakupona: wanamwita Bata Dume. Kwa miaka mingi bata hao walilishwa konokono wa kijito hiki. Mama Bata aliwaokota, akawaponda, akawamwagia bata uani. Mayai yakatoka makubwa, ganda gumu, na wapika keki walikuwa wakiyagombania mlangoni kwake.

Bata walikuwa arobaini. Leo wamebaki kumi na mmoja, na hata hao, yai wakitaga, ukilishika linabonyea.

Huko juu ya kijito kuna karakana. Wanakusanya nyaya na mota mbovu, wanachomoa shaba, wanaiosha kwa tindikali mpaka ing'ae. Maji ya kuoshea yanatupwa mtaroni, na mtaro unaingia kijitoni.

Masika ya mwaka jana Mama Bata alifika hapa akakuta maajabu. Konokono wametoka majini. Wamejazana juu ya mawe, wamepanda matete, wengine wako kwenye majani makavu ukingoni.

"Jamani, nikapiga vigelegele! Nikamwita jirani: shoga, njoo uone, leo Mungu katukumbuka. Tukajaza ndoo. Mjinga mimi, kumbe wenzangu walikuwa wanayakimbia maji."

Konokono wachache waliobaki wakataga. Mayai yao anayajua vizuri, ute mzito chini ya majani, wenye vidoa vinavyokua siku hadi siku. Safari hii vidoa havikukua. Ute ukawa mweupe, ukaoza.

Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alikuja na chupa zake, akachota maji, akaenda, akarudi. Akamweleza kwamba shaba kidogo tu, hata isiyoonekana kwa macho, konokono hawezi kuihimili, na wachanga ndio wanaotangulia kufa. Halafu akaongeza kwamba maji bado yako ndani ya kiwango.

"Nikamuuliza, kiwango cha nani? Akafunga begi lake."

Utasema basi apande karakana akawatolee uvivu. Atamtolea nani? Anayeosha shaba ile, anayebeba madumu na kuyamwaga mtaroni kila jioni, ni Bata Dume mwenyewe.

Mchana tunamkuta nyumbani, anakula. Kucha zake zina ukijani usiotoka kwa sabuni.

"Usione nimenyamaza, mke wangu namwonea huruma," anasema. "Lakini nikiacha leo, kesho asubuhi kuna mtu kasimama pale na dumu langu mkononi. Na watoto watakula nini?"

"Si walikuwa wanakula mayai," mkewe anajibu taratibu, bila kumtazama.

Mume anasukuma sahani pembeni. Hawagombani tena. Waligombana mwaka mzima mpaka wakachoka, na uchovu huo umejaa chumba kizima. Inauma kuutazama.

Mwandishi anamuuliza Mama Bata ana mipango gani, swali tulilozoea kuuliza tukitaka habari iishie pazuri. Anajifuta mikono kwenye gauni.

"Bata nawauza Jumamosi, wote. Jumatatu naanza kazi."

Kazi gani?

"Karakana. Wanatafuta mtu wa pili wa kuosha shaba, baba watoto kaniombea."

Na yale maji?

Anamtazama mumewe, kisha anamgeukia mwandishi.

"Nitayamwaga. Ulitaka niseme nini?"