Mtani alinitangazia msiba wa uongo pale stesheni Tabora, nikapona wasiwasi wa biashara

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa humu sidhani kama mnafika watatu. Nyie wengine wote: marahaba, marahaba.

Mimi ni bibi kizee wa Tabora. Huwa napita humu kimya kimya, nasoma nyuzi zenu wenye maduka na vibanda, mnavyolia hamlali kwa stresi. Jana nimesoma mmoja nikasema hapana, leo na mimi naandika.

Na msinianzie ile ya "bibi, hii chai". Hili limenipata mwenyewe, na kama nawaongopea basi nisionje asali tena mpaka naingia kaburini.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini. Nilikuwa binti mbichi, nimeolewa juzi juzi tu, na nilikuwa na hoteli karibu na stesheni.

Msisikie hoteli mkawaza ghorofa. Banda la nyasi, mabenchi, mafiga, basi. Ugali, wali, maharage, na nsansa ya karanga. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Kama hujawahi kula, pole yako.

Mume wangu Maganga alikuwa mkongeni huko Tanga, kwa mkataba. Vijana wengi wa kwetu walikwenda huko. Wengine walirudi wazee, wengine hawakurudi kabisa.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha nikamtumia salamu kwa msafiri: usitie dole gumba kwenye mkataba mwingine, njoo nyumbani, hoteli itatulisha sote.

Kusema rahisi, wakuu! Salamu zilipoondoka tu ndipo wasiwasi ukaniingia. Hoteli ikifa, Maganga anarudi mkongeni, na safari hii huenda nisimwone tena. Nikawa silali, sili, kanga inanipwaya.

Halafu kama haitoshi, Mzee Masudi, Mmanyema mmoja mtaratibu, akafungua hoteli ng'ambo ya barabara. Tena na santuri! Watu wanakula huku mabega yanacheza. Mimi nasonga ugali, jicho liko kwake. Mara ngapi nimeunguza maharage kwa ajili ya jicho hilo, Mungu ndiye ajuaye.

Mvua za mwaka ule zilikuwa hazina adabu. Zikakata reli huko mbele, upande wa Kigoma. Treni iliyotoka Dar ikalala Tabora, abiria wamejaa stesheni na watoto na mabunda yao.

Nikasema Mungu kanikumbuka. Nikapika karibu kila kilichokuwa stoo.

Kumbe abiria wenyewe vijisenti vimewaishia kwa kungoja. Wanakuja, wananusa, wanauliza, wanageuka. Kwa Mzee Masudi vilevile. Vyungu vimejaa, mabenchi matupu. Nikaona kabisa kwamba hoteli imekufa na mimi nimemdanganya mume wangu.

Nikakaa mlangoni, nikashika tama.

Akapita Pazi. Huyu alikuwa Mzaramo, mbeba mizigo pale stesheni, mtani wangu.

Vijana, utani wa enzi zile haukuwa huu wenu wa kutumiana vikatuni. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, wakipita kwa Wazaramo, na utani ukaota njiani humo. Mtani akichukua kuku wako, ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Na msibani mtani ndiye mkubwa: anamwigiza marehemu, anagawa chakula apendavyo, na mfiwa hana ruhusa ya kufura.

Sasa Pazi kuniona nimeshika tama, akasimama. Kwetu anayeshika tama vile kafiwa.

"We Mnyamwezi, kafa nani?"

"Niache Pazi. Nina wasiwasi wangu."

"Ahaa, kumbe Wasiwasi ndiye marehemu! Pole sana. Mazishi leo leo."

Kabla sijajibu kashasokota kata, kajitwika chungu changu cha wali, huyoo! Anaelekea stesheni anapiga mayowe: "Uwiii! Nyamizi kafiwa jamani! Njooni matanga!"

Na mimi nyuma yake na mwiko mkononi, namtukana matusi ambayo sitayaandika humu.

Nilipofika chungu kishatua chini na watu wamezunguka. Mbele kabisa alikuwepo mama mmoja wa Kigoma, mtoto analia mgongoni. Nikajua huyu sasa ataukumba huo wali. Hakuugusa. Alinitazama mimi, akanishika mkono.

"Pole mwenzangu. Mungu akupe nguvu."

Wakuu, mtu ana njaa, mwanawe ana njaa, chakula kiko mbele yake kinafuka mvuke, na yeye kwanza ananipa pole mimi! Mwiko ukashuka wenyewe. Nikalia, nikacheka, vyote kwa pamoja. Nikamwambia, "Hajafa mtu, dada. Kaa ule."

Nikaanza kupakua. Kila sahani niliyotoa nilijisikia mwepesi. Nikamtuma Pazi akalete na maharage. Nikasema liwalo na liwe.

Sasa ngojeni. Yale mayowe ya Pazi yalikuwa yameshaingia mjini! Mara nawaona akina mama hao wanakuja, kanga zimefungwa viunoni, unga vichwani, kuni, kuku miguu juu, na vilio. Mji wote umejua Maganga kafia mkongeni.

Na Mzee Masudi naye kazima santuri, kaja na sufuria lake la pilau, machozi yanamtiririka. "Maganga wa watu! Hata uso wake sikuujua!"

Nikawaambia ukweli. Nikawaza leo nitapigwa.

Pazi hakungoja. Akachukua mwiko, akajifunga kanga, akaanza kuniigiza: anasonga ugali huku kakodolea hoteli ya Masudi jicho moja, shingo imempinda, moshi unamwingia. Mayo! Watu walianguka. Yule mama wa Kigoma alicheka mpaka mtoto akanyamaza kumshangaa.

Mzee Masudi alipopata pumzi akaniambia, "Bi Nyamizi, na mimi silali mwanangu. Hiyo santuri ni ya kuazima. Naiogopa nsansa yako."

"Basi maiti ni wawili!" Pazi akadakia. "Ongezeni kuni!"

Hakuna aliyerudi na unga wake. Kilichofika msibani hakirudi nyumbani. Tulipika pale pale, ngoma ikapigwa, abiria wakala mpaka njia ilipofunguliwa.

Nililala siku ile mpaka jua likanikuta kitandani.

Na abiria wale, kila waliposafiri tena, walikuwa wakishuka Tabora wanaulizia hoteli ya mfiwa. Wakaleta na wenzao. Na Mzee Masudi tukagawana: yeye chai ya asubuhi, mimi chakula cha mchana. Treni ikikwama, sote wawili tunapeleka chungu stesheni, bure. Watu wakakiita chungu cha matanga.

Maganga akarudi. Siku hiyo nipo stesheni, namngoja. Kumbe kulikuwa na bibi mmoja wa shamba aliyesikia habari nusu ile ya kwanza tu. Kumwona Maganga anashuka, akatupa kapu akatimua mbio, "Mizimu! Mizimu!"

Pazi akampokea mzigo: "Karibu marehemu."

Maganga akanigeukia. "Nyamizi, mimi nimekufa lini?"

Nikamwambia, "Twende ukale kwanza." Akala sahani tatu, na hakurudi mkongeni tena mpaka Mungu alipomchukua kweli, mzee, kitandani kwake.

Haya wajukuu zangu wenye biashara. Sisemi mgawe mtaji wote, mimi mwenyewe bila Pazi nisingethubutu. Ila wasiwasi wangu wote ule haukuniuzia hata sahani moja. Nilichowapa wenye njaa ndicho kilichombakisha mume wangu nyumbani.

Na wewe je, umewahi kutoa wakati unajiona huna? Ilikuwaje? Andika hapo chini, nasoma yote. Na Wazaramo najua mmeshaanza kucheka, njooni, nawangoja.