Mtu Aliyenishikia Waya Mweusi

Haya ninayowaeleza yamenitokea mimi mwenyewe, na wala hayakutokea usiku. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua mnavyopenda visa hivi viwe vya saa nane za usiku, mbwa wanabweka na mbalamwezi imejificha. Ilikuwa saa kumi za jioni, kweupe, ijapokuwa mvua ilikuwa inanyesha. Na sikuwa peke yangu. Dada yangu Raya alikuwemo garini na aliyaona yote. Muulizeni mkitaka, ila hatakujibuni, na sababu yake mtaijua mkinisikiliza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, Madungu, Chake Chake. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Na jueni kwamba kisiwani kwetu gari likianza vituko vya umeme, wenyewe hawaji kwangu kwanza. Mtu akikanyaga breki wapa za kioo zinacheza, akiwasha taa honi inalia yenyewe, basi huita watu wakamsomea, gari likafukizwa ubani mpaka viti vikanuka, ndipo baadaye likaletwa kwa fundi. Nami hucheka. Nimewacheka watu wazima na ndevu zao. Nawaambia, shetani wa gari lako ni kutu, sogea karibu nikuoneshe.

Maana hivi vigari vidogo vya zamani, vinavyokuja vimeshachoka huko vilikotoka, ugonjwa wao mkubwa hapa kwetu ni ethi. Ethi ni ule waya mweusi mnene unaotoka kwenye betri ukafungwa kwenye bodi na injini. Umeme ukishafanya kazi yake lazima urudi betri, na njia yake ya kurudi ni hiyo. Waya ukiliwa na chumvi, umeme hutafuta njia za pembeni, ukapitia kwenye taa, kwenye honi, popote unapopata. Hapo ndipo gari linapoonekana lina wazimu. Dawa yake ni msasa, spana na grisi kidogo, na nusu saa haifiki umemaliza.

Sasa niambieni, mtu anayejua yote hayo, kwa nini aiache ethi ya gari lake mwenyewe ioze? Nilikuwa na gari dogo jeupe, la gia za kujiendesha, na kwa miezi saba lilikuwa linanionesha dalili zote. Taa za dashibodi zilikuwa zikififia kila nikiwasha indiketa. Kila wiki nilikuwa nakwenda Kojani kumwangalia mama, na Kojani gari halifiki. Unaliacha upande huu, ufukweni, unavuka kwa boti, ukirudi unakuta maji yamejaa na kulowesha tairi. Nilijua chumvi inanila. Nikachukua kipande cha waya mwembamba, ule wa taa za nyumbani, nikakifunga kutoka betri mpaka kwenye bodi. Nikasema hiki cha muda tu, nikipata nafasi nitaweka kebo ya maana. Nafasi ilikuwepo kila siku. Nilikuwa naona uvivu, basi.

Siku hiyo Raya alinipigia simu. Yeye ndiye dada yangu mkubwa, na ndiye aliyekuwa akikaa na mama. Akanambia kifua kimembana mama tangu alfajiri, daktari kasema ni moyo, apelekwe Wete hospitali bila ya kuchelewa. Nilifika ufukweni boti ndiyo inatia nanga. Vijana wanne walimshusha mama juu ya kiti cha plastiki, maji yakiwafika magotini. Mama yetu aliitwa Bi Time, mtu wa maneno mengi na mzaha, lakini siku ile hakuniambia hata neno moja. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya Raya, nikatia gari moto, tukaondoka.

Hatukufika hata njia kuu. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, kisha gari likazima. Nikafungua boneti kwenye mvua. Kile kipande cha waya kilikuwa kimeyeyuka. Nikaukata ule waya mnene nitazame ndani, nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Njia ya kurudi haikuwepo tena kabisa. Nilibakiwa na waya mweusi mwembamba kama ule wa mwanzo, pima mbili hivi, sina kebo nyingine wala pa kuipata. Nikaukunja mara mbili, nikaufunga, nikajaribu stata. Ukatoa moshi papo hapo, nikauvuta haraka kabla haujakatika. Kusukuma haikufaa, gari la gia za kujiendesha haliwaki kwa kusukumwa. Nikampigia fundi mwenzangu Chake, akasema anakuja, lakini nimpe saa nzima.

Raya akateremsha kioo. "Saa nzima mama hanayo," akanambia.

Nilisimama pale na waya mkononi. Sijapata kujiona mtu wa bure kama siku ile.

Hapo ndipo alipokuja. Alikuja kwa miguu kutoka tulikotoka sisi, mtu wa makamo yangu, shati la mikono mirefu, kikoi, hana viatu. Sikumjua. Barabara ilikuwa tope tupu, na miguu yake ilikuwa safi. Nililiona hilo lakini sikulitia maanani, nilikuwa na yangu. Alitoa salamu, kisha kabla ya kusema na mimi akainama kwenye dirisha la nyuma.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu boti.

Akanigeukia. "Kumeharibika nini?"

"Ethi," nikamjibu kwa mkato.

"Nipe ncha hiyo n'kushikie."

"Bwana, huu umeme, si kamba ya mbuzi. Ntu hapitishi umeme wa kuwasha gari."

"Nipe tu."

Niaminini, mwili wa mtu hauwezi. Shika betri ya gari kwa mikono miwili mikavu, hutasikia kitu. Na stata inakula umeme mwingi mpaka nyaya zinayeyuka, kama nilivyotoka kuona. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa nimeshachoka kufikiri. Nikafunga ncha moja ya waya kwenye betri, nikaupitisha chini ya boneti na kwenye dirisha la mbele la abiria, yeye akaingia, akakaa karibu na dereva, akaishika ncha ya pili kwa mkono wa kushoto.

"Haya, washa," akasema.

Nilikaa kwenye usukani ili nimuoneshe tu kwamba haiwezekani. Nikazungusha ufunguo. Gari liliwaka mara moja, bila ya kukokota, vizuri kuliko siku niliyolinunua. Nikaugusa waya pale ulipopita dirishani. Ulikuwa baridi.

Ningefanya nini? Nikaondoa gari. Nilimwambia, shika bodi kwa mkono wa pili, usiachie, kwa sababu kwa akili yangu ya ufundi ilikuwa lazima umeme upite mkono mpaka mkono halafu uingie kwenye bodi. Tuliingia njia kuu ya Wete, mvua inazidi. Dashibodi haikufifia, wapa zinafuta sawasawa, kila kitu kinafanya kazi yake. Huko nyuma nikamsikia Raya anasema taratibu, "Alhamdulillahi, mama anapumua."

Kweli alikuwa anapumua. Nilisikia pumzi yake kwa masikio yangu, ndefu, ya mtu aliyepumzika. Akamwambia Raya amtengeneze mtandio, asiingie hospitali kichwa wazi. Akauliza kama mlango wa nyumba umefungwa. Huyo ndiye mama yetu khasa. Nilihisi machozi yananitoka kwa furaha, nikakanyaga mafuta.

Kisha mama akasema na yule mtu. "Weye wa nani?"

"Wa hapa hapa, Bi Mkubwa."

"Nkono wako wanipoza, mwanangu. Shika hivyo hivyo."

Mkono wake? Niligeuka kutazama. Mkono wake wa kulia haukuwa kwenye bodi. Alikuwa ameupitisha nyuma, kati ya viti viwili, na mama ameushika kwa mikono yake yote miwili.

Sikilizeni nilivyofikiri, maana nimekuwa nikilifikiri tena kila siku tangu hapo. Sikufikiri jini. Sikufikiri kitu chochote cha namna hiyo. Nilifikiri kama fundi. Nikasema umeme unatoka betri, unapita kwa huyu mtu, unaingia kwa mama yangu mwenye moyo mgonjwa. Huyu anamuua mama! Tena nikakumbuka kwamba gari likishawaka, oltaneta, inayofua umeme injini ikizunguka, inabeba injini yenyewe, halihitaji tena betri wala waya wala mtu. Kwa hiyo hatuna haja naye.

"Achia," nikamwambia.

Akanitazama. "N'achie?"

"Gari limeshawaka. Achia huo waya, na nkono wa mama uachie."

"Usinwambie aachie, mwanangu," mama akasema. Alisema wazi, wala si kwa kuweweseka. "Nnastarehe."

"Mwache!" Raya naye akapiga kelele. "Huoni mama kapata nafuu?"

"Nyinyi hamjui umeme," nikawajibu. "Mimi ndiye fundi."

"N'achie?" akauliza tena. Sauti yake haikuwa na hasira wala vitisho, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amekusikia vizuri.

"Achia, nakwambia!"

"Haya. Umesema weye."

Akafungua vidole vya mikono yote miwili. Injini ikazima. Haikukohoa wala haikutetemeka, ilinyamaza tu, na wapa zikasimama katikati ya kioo. Gari likaserereka pembeni mpaka likakwama kwenye majani. Alifungua mlango, akashuka, akaufunga polepole kama mgeni mwenye adabu, akaanza kurudi tulikotoka. Hakutoweka. Ningependa niwaambie alitoweka, lakini nilimwona kwenye kioo cha pembeni, anatembea kwenye mvua, hata barabara ilipokata kona.

Nyuma pumzi ya mama ilikuwa inakata.

Nilitoka mbio nikamwita. Rudi! Njoo ushike! Nilimwita ndugu yangu, nilimwita baba, nilimwita kwa Mwenyezi Mungu. Hakugeuka. Nikarudi garini, nikaukamata ule waya kwa mkono wangu mwenyewe, nikamshika mama mkono kwa mkono wa pili, na Raya nikamwambia azungushe ufunguo. Akazungusha. Hapakuwa na kitu, hata ule mlio mdogo wa stata. Akazungusha tena na tena, na mimi nimebana waya mpaka ukanikata kiganja, nasema niingie mimi, nipite mimi. Mama alinitazama. Hakuwa na lawama katika macho yake, na hilo ndilo lililonimaliza. Alitamka shahada yeye mwenyewe, kwa pumzi mbili, akanyamaza.

Kutoka pale mpaka hospitali ni dakika kumi, na yule fundi mwenzangu alitukuta tumekaa naye.

Mazishi yalikuwa Kojani siku ya pili. Baada ya siku tatu nililivuta lile gari mpaka Madungu nikalipima kila waya. Bodi haikuwa na mawasiliano na betri kwa njia yoyote ile. Lakini oltaneta ilikuwa nzima, na kwa hesabu zote nilizofundishwa injini ilitakiwa iendelee. Nilikuwa sahihi. Mkimuuliza fundi yeyote atawaambia nilikuwa sahihi.

Shehe wetu nilimweleza, ndiye mtu pekee niliyemweleza kabla yenu. Akanambia siku ya mtu haiongezwi kwa waya wala kwa mkono wa yeyote, na aliyekuwa ameandikiwa kufika Wete angefika. Naamini. Wallahi naamini. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kulala usingizi ni kingine.

Yule mtu nimemtafuta. Nimepita nyumba kwa nyumba kando ya barabara ile, nimeuliza maduka, nimeuliza misikitini. Kila siku ya mvua hukaa pale tulipokwama, ndani ya gari la watu, kioo cha dirisha la mbele kimeshuka. Hapiti. Nadhani hapiti tena kwa mtu aliyemfukuza.

Basi ninyi mnaosikiliza, ethi zenu zitazameni leo, msiseme kesho. Na siku mgonjwa wenu akiwaambia nastarehe, msijifanye mnajua zaidi yake. Kama kuna mkono umemshika, uacheni ushike, hata kama hamjui ni wa nani.

Raya hajanena na mimi. Anaitikia salamu kwa sababu ni wajibu. Siku ya hitima nilimfuata uani, nikataka kumweleza habari ya umeme, jinsi nilivyoogopa usimdhuru mama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, amejifunika buibui lake, anatazama chini. Kisha akanambia, "Mama alikuomba," akaingia ndani.