Mama mkwe na begi langu la Dar

Jamani, leo mama mkwe kaniliza.

Daktari alisema nikajifungulie Dar, kwa sababu moyo wa mtoto unahitaji wataalamu. Mama mkwe akanuna wiki nzima. "Mjukuu wangu azaliwe mbali hivyo?"

Mchana huu nilikuwa nimejilaza hapa Butimba, upepo wa ziwa unaingia dirishani. Usingizi ukanipitia. Nikaota maji yametulia kabisa, mtoto analia kwa nguvu, na mimi nacheka.

Nikashtuka. Mama mkwe kafika, kafungua begi langu la safari!

"Shikamoo mama. Unatoa nini?"

"Marahaba. Sitoi, naweka."

Akapanga magauni yake mawili juu ya nguo za mtoto.

"Ukizidiwa uchungu huko, utamshika nani mkono?"

Nikamkumbatia huku nalia.

Jumatatu tunaondoka watatu, mmoja bado yuko tumboni. Mtuombee.