Gari Aliloniuzia Samson

Kabla sijasema lolote, nataka ujue nilikuwa macho, nilikuwa nimeshiba, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Haikuwa usiku. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Jumamosi, na mama yangu mzazi alikuwa amekaa kando yangu. Nilichoona mimi, aliona na yeye. Ukiniita muongo, basi muite na yeye muongo, na mama yangu hajawahi kudanganya hata daktari kuhusu sukari anayotia kwenye chai.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule hapa Nakuru. Mume wangu anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke kule Naivasha, kwa hivyo siku nyingi za wiki nyumba ni yangu, watoto wanne ni wangu, na mama ni wangu pia, tangu magoti yake yalipokataa kazi. Gari letu la kwanza lilikuwa dogo. Kitinda mimba alikuwa akikaa mapajani mwa dada yake, na mama tulimwingiza mguu mmoja mmoja, kama watu wanaopitisha kabati kwenye mlango mwembamba. Siku moja alikwama kabisa nje ya kanisa, watu wakitazama. Alicheka, lakini tulipofika nyumbani alisema hataenda kanisani tena. Hapo ndipo tulipoamua kutafuta gari la viti saba.

Tulizunguka yadi za magari Jumamosi tatu mfululizo. Watoto walitaka mlango unaojifungua kwa kubonyeza. Mimi nilitaka gari lililo chini, mama asilazimike kupanda. Mama alikuwa na mtihani wake. Aliingia, akakaa, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu. Moja lilinuka sigara. Lingine, alisema, kiti chake kinamsukuma kama makanga wa matatu. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na jioni hiyo ndugu yangu Samson akapiga simu.

Lazima nikueleze Samson ni nani kwangu, maana bila hilo hutaelewa kilichoniuma. Baba yetu alipofariki, mimi nilikuwa darasa la sita. Samson aliacha shule akaanza kuendesha lori la viazi, nikasoma mimi. Harusi yangu, yeye ndiye aliyenishika mkono. Watoto wangu wakisikia sauti yake langoni huacha chakula mezani. Sasa mtu kama huyo akikuambia, "Mama Njeri, mbona unazunguka kwa watu usiowajua na mimi ndugu yako niko?", wewe ungefanya nini?

Alikuwa na gari la viti saba, rangi ya fedha, alilokuwa akilikodisha kwa harusi na matanga. Alisema amechoka na biashara ya watu. Alilileta kwetu likiwa limeoshwa mpaka linang'aa. Mama alifunguliwa mlango wa kando, akaingia mwenyewe bila kushikwa, akakaa, akafumba macho, akatabasamu. "Hili," akasema. Tukamaliza. Kabla ya kunipa ufunguo, Samson aliweka kiganja juu ya boneti na kuliombea gari, safari zetu, na watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Nilitokwa na machozi.

Aliniachia neno moja tu la tahadhari. "Hii gari usipandishe nayo huko juu Molo na Keringet. Giaboksi yake haipendi milima."

Miezi ya kwanza tulifurahi, sitakudanganya. Mama alirudi kanisani. Tulienda Kabazi kwa wakwe zangu na kurudi na kabichi, mahindi, hata kuku wawili, na bado kila mtu alikuwa na kiti chake. Mume wangu akija wikendi alikuwa akilala viti vya nyuma huku watoto wakicheza juu yake.

Shida ilikuwa kiti kimoja. Kile cha nyuma kabisa, upande wa kushoto. Kilikuwa kinalowa. Nilikianika juani mpaka kikakauka, asubuhi nikakikuta kimelowa tena, na gari limelala ndani ya uwanja wetu bila tone la mvua. Na chini yake kulikuwa na matope. Wewe unajua vumbi la Nakuru, ni la kijivu, kama unga. Haya matope yalikuwa mekundu mazito, ya shamba la viazi. Nilikuwa nawagombeza watoto bure. Nilimpigia Samson, akasema, "Ni raba ya mlango imeisha. Peleka kwa fundi." Fundi akabadilisha raba zote. Kiti kikaendelea kulowa. Tukazoea. Tuliweka juu yake karatasi ya plastiki na kuacha kukikalia. Ndivyo tunavyoishi na vitu tusivyovielewa, si ndiyo?

Kisha mama mdogo, dada wa mama aliyeolewa Keringet, akaugua, na mama akataka kumuona. Nilimwambia Samson kwamba tunapanda huko Jumamosi. Akapiga simu mara tatu siku hiyo. Akasema atatutafutia gari lingine. Akasema barabara imeharibika. Mwishowe akasema kwa ukali ambao sikuuzoea, "Si nilikukataza?" Mama alichukua simu mkononi mwangu, akamwambia, "Dada yangu ni mgonjwa," akakata.

Tulienda salama, mimi na mama peke yetu. Gari lilipanda milima yote bila hata kukohoa. Nakumbuka niliwaza: sasa Samson alikuwa anaogopa nini?

Tulimwona mama mdogo, tukala, tukatoka saa kumi. Njiani mvua ikaanza, na ukungu ukashuka jinsi unavyoshuka huko, mpaka huoni zaidi ya miti michache mbele yako. Kwenye kona moja yenye mikaratusi pande zote mbili, mtu alisimama kando ya barabara na mkono umeinuliwa. Alikuwa mwanamke kijana, amejifunika leso kichwani. Kwa mkono wa pili ameshika chini ya tumbo.

"Simama," mama akasema. "Huyo ana mimba."

Nikasimama. Nilitaka kushuka nimfungulie, kwa sababu mlango ule wa kando ulikuwa na ukaidi wake. Lazima uinue kitasa juu kidogo kabla ya kuvuta, la sivyo haufunguki. Wageni wote hushindwa. Yeye hakushindwa. Aliinua, akavuta, akaingia, akapita viti vya katikati bila kujishika popote, akaenda kukaa nyuma kabisa kushoto. Nilisikia plastiki ikilia alipokaa. Mlango ukafungwa.

"Asante," akasema. Sauti ya kawaida, ya mtu aliyechoka. "Mmerudi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama akamgeukia. "Pole, mama. Uchungu umeanza? Tukupeleke hospitali?"

"Hospitali," akasema. "Samson aliniambia nishuke ningoje kidogo. Aliniambia anarudi. Nimengoja."

Niamini, ndani ya gari lile nilisikia baridi ikinipanda kuanzia miguuni. Samson wako wengi, nilijiambia. Lakini mama hakuwa amegeuka mbele. Alikuwa bado anamtazama yule mwanamke, na nikaona mkono wa mama unatafuta mkono wangu kwenye gia.

"Samson yupi, mwanangu?" mama akauliza polepole.

"Mwenye gari," yule mwanamke akajibu.

Niliendesha. Sijui niliendeshaje. Kila nikiangalia kioo cha ndani, yuko. Leso yake ilikuwa inadondosha maji, na kuna harufu ilikuja, harufu ya udongo uliochimbwa na ya damu. Nimezaa mara nne, najua harufu hiyo. Mama alikuwa anaomba kwa sauti ndogo. Sikuthubutu kusimama, na wala sikuthubutu kumwambia ashuke. Unaelewa? Kitu fulani kiliniambia kwamba nikimwambia mtu huyu ashuke, nimekwisha.

Tulifika Molo, nikaingia mpaka kwenye mlango wa hospitali. Mlinzi akaja mbio na mwavuli. "Mgonjwa ako wapi, mathe?"

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa kando haukuwa umefunguliwa, ningesikia, ule mlango una kelele ya kuamsha mtaa. Juu ya plastiki kulikuwa na kidimbwi cha maji, na ndani yake uzi wa damu umejikunja, mwembamba. Mlinzi alichungulia, akanitazama usoni, akarudi nyuma bila kuuliza tena.

Niliendesha moja kwa moja mpaka Nakuru.

Kesho yake baada ya ibada tulienda kwa Samson. Alikuwa sebuleni na mkewe. Nilitarajia acheke. Nilitaka acheke! Nilitaka aniambie nimechanganyikiwa, aniite jina la utotoni, anitilie chai. Nilimweleza yote, kona, ukungu, leso. Hakucheka. Unajua aliniuliza nini?

"Alikaa wapi?"

Nikamwambia ni nyuma kushoto. Akaegemea kiti chake, na mkewe akainuka akaenda jikoni, akafunga mlango. Hapo nikajua kwamba hata yeye alijua.

Samson alisema asubuhi moja, kabla hajaniuzia gari, alipigiwa simu na mama mjamzito wa Keringet aliyekuwa peke yake, mume wake akiwa kazini mbali. Walipokuwa njiani, yule mama akaanza kutokwa na damu. Nyingi. Samson akaogopa. Aliwaza akimfia ndani, polisi watamshika, gari litachukuliwa, biashara itakwisha. Akamwambia gari lina shida, ashuke angoje kwenye ile miti, anaenda kuleta fundi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alimsaidia kushuka. Alimwachia leso iliyokuwa garini, ajifunike mvua. Kisha akateremka mpaka Molo, akapita hospitali, akaenda kuosha gari.

"Alianza kuonekana wiki hiyo hiyo," akasema. "Kwenye kile kiti. Abiria wakaanza kulalamika."

"Na ukaniuzia mimi," nikasema. "Watoto wangu, Samson. Uliwataja kwa majina."

"Mko wengi," akasema, na hakuweza kuniangalia. "Mnaomba sana. Nilifikiri akikuta watu wengi, na watoto, ataona haya aondoke."

Kama angenipiga kofi, nisingeshtuka hivyo. Huyu ndiye aliyeacha shule kwa ajili yangu. Aliona kitu kinamtisha, na katika dunia nzima akachagua mahali pa kukitupa, akachagua kitanda changu, meza yangu, viti vya watoto wangu.

Mama akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Samson akafikiri. "Sijui, mama. Sikuuliza."

"Yeye analijua lako," mama akasema. Akaniomba nimsaidie kusimama.

Jumatatu tulimwomba Samson twende wote Keringet. Alikataa. Tukaenda mimi na mama. Haikuchukua muda kuwapata watu wake, maana kifo kama kile hakisahauliki. Aliitwa Chelang'at. Watu wanaopeleka maziwa walimkuta asubuhi ya pili, yeye na mtoto tumboni, na familia haikuwahi kujua aliteremshwa na gari gani. Mama yake mzazi alitusikiliza akiwa anachambua mbegu za viazi. Hakulia. Aliosha mikono, akavaa sweta, akasema, "Twendeni polisi mkaseme hivyo hivyo." Tukasema hivyo hivyo. Mama yangu hajui kuandika, kwa hivyo alitia kidole gumba chini ya maneno yanayomshtaki mwanawe wa kwanza, kisha akakitazama kile kidole njia nzima mpaka nyumbani.

Kesi bado inaendelea. Jamaa zetu wengi wamekata mguu nyumbani kwangu. Wanasema mimi ndiye niliyemsaliti ndugu yangu, eti mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani. Mke wa Samson akiniona sokoni hubadilisha njia. Samson mwenyewe humpigia mama kila Jumapili, na mama hushika simu mkononi, hulitazama lile jina, huiacha ilie mpaka ichoke.

Kiti kilikauka tangu siku ile ya Molo. Hakijalowa tena. Lakini siwezi kuliendesha lile gari, na siwezi kuliuza pia. Wanunuzi wamekuja. Huwa nawaeleza kila kitu, kama nilivyokueleza wewe, na wao hunywa chai, hushukuru, huenda zao. Nitamfichaje mtu jambo kama hilo nikijua uchungu wake? Linakaa uani, kuku wanalala chini yake. Mama haendi kanisani tena, anasali nyumbani.

Nimekueleza haya kwa sababu huenda na wewe una gari na hubeba watu. Siku moja utapigiwa simu umchukue mgonjwa. Ukimpakia, mfikishe. Achafue viti, apige kelele, polisi wakuulize maswali mpaka asubuhi. Hata akikufia njiani, na afe akiwa ameshikwa mkono na mtu. Usimwambie ashuke angoje, maana atangoja.