Mwendo wa Kasiani

Mie Filomena ni mtani wa ukoo wa kina Kasiani, na kazi ya mtani msibani inajulikana: avae nguo za marehemu, aige mwendo wake na maneno yake, wafiwa wacheke kidogo kabla ya kulia tena. Nani hapa Temeke hajui mdomo wangu? Basi mwaka uliofuata Uhuru alifariki mzee Adelard, baba yake Kasiani. Nikavaa koti lake, nikashika chupa tupu, nikapepesuka uwanja mzima mpaka nikatumbukia mtaroni. Watu walicheka hadi machozi. Gongo ndiyo iliyomuua mzee, kama uraka, ile pombe ya mabibo, ulivyomuua baba yake kule Newala, na kaka zake wawili vilevile.

Nikamsogelea Kasiani, kijana wa miaka ishirini na miwili, nikamvika lile koti. "Haya, mtumwa wangu, mwendo huu sasa ni wako!"

Kasiani hakucheka. Alilivua, akalikunja, akanirudishia. Tangu siku hiyo hakugusa pombe tena, nami nikajisifu mtaa mzima kwamba nimemkinga. Mjinga mie!

Maana Kasiani alikuwa mchonga vinyago, na wenzake wa ushirika wakimaliza kazi walikwenda kilabuni. Huko ndiko walikogawana kazi, huko ndiko walikopatana na kusuluhishana. Kata moja ilizunguka midomo yote, huo ndio ujamaa wao. Anayeikataa anajiona nani? Wakamwita bepari. Mwanzo kwa utani, baadaye wakaacha hata kumwita. Akawa anachonga peke yake, anakula peke yake, Jumapili anakaa kizingitini ananoa patasi alizokwisha kuzinoa jana.

Bernadeta, nesi wa zahanati, alimpenda. Kasiani akamwambia waziwazi, "Mie sitaki mtoto. Damu yetu ina kitu."

"Ni kweli, hayo mambo hufuata ukoo," Bernadeta akamjibu. "Lakini si kila mtoto anarithi, na aliyerithi si lazima aangamie. Wewe mwenyewe si huyo hapo?"

Kasiani alitikisa kichwa tu. Bernadeta alisubiri miaka mitatu, akaolewa Kurasini.

Nilikasirika, acha! Nikamfuata kwake. "We Kasiani, una wazimu? Pombe yenyewe huipendi, unaogopa nini?"

Akaniangalia. "Nani kakwambia siipendi, dada Filo?"

Ndipo akanisimulia. Akiwa na miaka kumi na sita alionja uraka na rafiki zake, kila mtu kata moja. Wenzake walikunja uso, wakatema, wakaenda zao kucheza mpira. Yeye alisikia mwili wote umetulia, jambo ambalo hakuwahi kulijua tangu azaliwe. Akaurudia mtungi peke yake, na kwa miaka sita akawa anakunywa kwa kificho.

"Kwao ilikuwa pombe tu," alisema. "Mie ndiyo kwanza nikajiona mzima. Kila siku naitaka, dada. Nikiamka naitaka. Hata sasa naongea na wewe, naitaka. Na nyie wote mnadhani siipendi."

Nilitaka kumwomba radhi kwa ule utani wangu, nikaona aibu, nikasema nimeacha mboga jikoni. Nikaondoka. Sikuligusia tena jambo lile, wala yeye hakuligusia.

Homa ya matumbo ilimchukua mwaka wa sabini na nane. Msibani wakanisubiri. "Haya Filomena, huyu asiyekunywa utamwiga nini?" Wakacheka wenyewe.

Nikavaa shati lake, nikatoka mlangoni, nikaishika njia inayopita mbele ya kilabu, kama alivyopita yeye kila jioni akitoka kazini. Nilitembea wima, shingo ngumu, macho mbele, ngumi nimezifumba mpaka kucha zikanichoma viganja. Mmoja akapiga kelele, "Bepari huyo!" Sikugeuka. Hatua thelathini tu, nikashindwa kuendelea. Mwenzangu alitembea hivyo miaka kumi na sita.

Hakuna aliyecheka. Nikakaa chini palepale njiani, mtani mzima, nikalia mbele za watu. "Nisamehe, Kasiani," nikasema, na jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari.