Ujumbe wa Jumwa

Pamela hana duka wala shamba. Ana kompyuta, kiti chenye mguu unaotikisika, na chumba nyuma ya duka la mboga la Mama Bhanumati, Malindi mjini. Ukimuuliza kazi yake, atakwambia: "Nafundisha mashine kukumbuka, ili mimi nisahau." Majigambo hayo!

Mama Bhanumati hununua mchicha Kakuyuni kila Jumwa, siku ya gulio, ambayo kwa Wagiriama hurudi kila siku ya nne. Pamela akautengeneza mtambo wa duka uwe wenyewe ukituma ujumbe kwa wakulima, jioni ya kuamkia Jumwa: "Kesho gari laja." Aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuomba namba za simu ni mamake, Kahonzi, akaaye huko kijijini Kakuyuni. "Mwanangu ndiye mwenye mtambo," akawahakikishia majirani.

Mwezi wa kwanza mambo yakawa shwari. Mwezi ulipogeuka, balaa! Ujumbe ukaingia, watu wakachuma, wakafunga vitita, wakasimama barabarani mpaka jua likawa la utosi. Gari wapi! Katana, dereva, alikuwa kwake amejilaza. Yeye ni mtoto wa huko huko, hangoji kuambiwa na simu. Aijua Jumwa yake, nayo ilikuwa kesho. Na mchicha gani utangoja kesho kwa joto hili?

Pamela akakimbilia Kakuyuni. Akakuta mbuzi wanakula mchicha, kuku wanakula mchicha, na chunguni mchicha watokota. Majirani walimwitikia salamu kwa ncha ya ulimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu mchicha."

"Mama, kwani hukujua leo si Jumwa?"

"Nilijua. Nahesabu Jumwa tangu hujazaliwa. Na majirani walijua, wakaja kuniuliza. Nikawaambia, kama Pamela amesema, gari laja."

Pamela aliona haya mpaka akatamani ardhi immeze. Akala mchicha wote.

Kosa akaja kuligundua. Alikuwa ameiagiza mashine itume kila siku ya nne kwa kufuata tarehe za mwezi. Nayo, ikifika tarehe moja, huanza kuhesabu upya kana kwamba mwezi uliopita haukuwako. Jumwa nayo haina habari na tarehe moja. Akairekebisha: sasa kila jioni mashine huamka, hujiuliza zimepita siku ngapi tangu ujumbe wa mwisho. Zikitimia nne hutuma, zisipotimia hulala zake.

Mwezi ulipokaribia kugeuka tena, akashinda mbele ya kompyuta, chai yake ikapoa.

"Kunywa chai, mwanangu," Mama Bhanumati akamtania. "Mtambo si mbuzi, hauchungwi."

Tarehe moja ikapita kimya, alhamdulillahi. Jioni ya kuamkia Jumwa, simu ikalia. Mamake.

"Ujumbe umefika. Wasema kesho."

"Na wewe, mama?" Pamela akauliza. "Umehesabu?"

"Sikuhesabu," Kahonzi akajibu. "Nishawaambia majirani wachume."